Mtoto Gani Anakusumbua?

Kitengela,
14 Januari 2024

Yeyo mpendwa,

Takwenya. Natumaini unaitikia "Iko" ukiwa umekaa kwenye kigoda chako nje, si ukiwa umelazwa na mgongo. Mimi ni mzima. Kitengela ni vumbi na malori ya simiti kama kawaida. Selpha, jirani yangu yule mwalimu wa kutoka Bungoma, anakusalimu sana. Anasema tangu anywe maziwa lala uliyomtumia Krismasi, ya dukani yamemshinda.

Nakuandikia kwa kalamu kama unavyotaka. Najua msimamo wako: simu ni ya kuuliza kama mvua imenyesha, lakini jambo la maana linaandikwa, la sivyo ulienda gumbaru kujifunza kusoma ukubwani bure. Kaka Nelson atakuletea barua hii akishashusha mbuzi machinjioni.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepata nafasi ya kusoma masta! Nitasoma wikendi na likizo huku nikiendelea na gredi ya sita yangu. Ni masta ya kufundisha watoto wenye vipawa. Wale wanaoelewa kabla hujamaliza kuuliza, halafu wanachoka, wanaanza kutazama dirishani, na mwalimu anasema ni wavivu. Miaka yote nimekuwa nao darasani na sikujua niwafanyie nini. Inaniuma, Yeyo.

Vitabu nilivyopewa vinasimulia watoto wa nchi za mbali. Mimi nataka utafiti wangu uwe pia wa shule yetu ya Oltepesi. Na nikisema hivyo namfikiria Seleyian wa Nelson. Yule mtoto ni moto. Labda siku moja aje akae nami hapa, asome shule kubwa. Unaonaje?

Nikija nitakuletea ushanga mpya. Ule unaovaa kanisani rangi zake zimekaa ovyo, sijui ni fundi gani alikutengenezea.

Binti yako,
Soipan


Oltepesi,
4 Februari 2024

Soipan,

Iko. Mgongo uko, kigoda kiko, mimi niko. Majani ndiyo hakuna. Ng'ombe wamesukumwa mbali upande wa Magadi, na hapa nyumbani tumebaki na mbuzi wanaokula hata kamba ya kuanikia nguo. Rachel, mke wa Nelson, alituma sukari na majani chai kutoka duka lao la Kiserian. Mwambie Selpha maziwa yapo, lakini arudishe kibuyu changu. Kibuyu hakiendi Bungoma.

Habari ya masta nimesoma. Sawa.

Kwani ile digrii ya kwanza iliisha? Uko na kazi, uko na nyumba ya mawe, maji yanatoka kwa ukuta. Lakini wewe ni hivyo tu. Tangu ukiwa mdogo, ukiona mlango umefungwa lazima uguse kufuli.

Seleyian ni mtoto wa kawaida. Usianze. Anakula, analala, anachunga watoto wa mbuzi. Haendi Kitengela.

Na ushanga wangu uwache. Mimi sijasema unaniuma shingo.

Mama yako


Kitengela,
3 Machi 2024

Yeyo,

Takwenya. Kibuyu kiko njiani, Selpha amekiosha mpaka kinang'aa. Najua utakasirika kwa sababu amekitoa harufu ya moshi. Msamehe, hakujua.

Nisaidie kucheka kwanza, halafu unisaidie kulia. Utafiti wangu unaanza hivi: mzazi anapewa karatasi, anaulizwa kama ana mtoto mwenye kipawa, amtaje na aeleze. Hapa Kitengela, haki ya Mungu, kila mzazi ana mtoto mwenye kipawa! Mama mmoja ametaja wote watano, hata yule ambaye hajaanza kutembea. Baba mwingine aliongeza na jina lake mwenyewe.

Kule Oltepesi Mwalimu Mbuvi, mkuu wa shule, aligawa karatasi zile zile. Zote zimerudi. Zote zimeandikwa "mtoto ni wa kawaida". Hakuna hata mmoja aliyetajwa, Yeyo. Msimamizi wangu, Daktari Wakhungu, alicheka, kisha akaacha kucheka. Amesema bila wazazi kutaja watoto hakuna utafiti, na kama wa Oltepesi hawataki, niwaache nifanye wa Kitengela peke yao.

Lakini mimi nilianza hii masta kwa sababu ya watoto kama wa kwetu. Nikiwaacha, nitabaki na cheti na hakuna kingine.

Nelson yuko barabarani kila siku, Rachel yuko dukani. Wewe ndiye unayemlea Seleyian. Ukimtaja wewe, wengine watafuata. Nakuomba.

Soipan


Oltepesi,
17 Machi 2024

Soipan,

Iko. Kibuyu nimepokea. Kinanuka sabuni. Nimekifukiza upya na mti wa oloirien, sasa kimerudi kuwa kibuyu.

Hiyo mambo ya kutaja, hapana. Si mnafundisha watoto huko shule kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza? Basi nimtembeze mtoto kwa karatasi ya nini? Mimi namwamini Yesu, Jumapili sikosi. Lakini macho ya watu si Yesu. Mtu na akili zake hasimami kusema ng'ombe wangu ni wanono, sembuse mtoto.

Habari ya hapa nyumbani ni taabu tupu, na taabu yenyewe ni Seleyian. Nimeitwa shule, mimi mwanamke mzee, nimetembea na huu mgongo. Kumbe ameokota zile alama za kuchoma ng'ombe, alama za kila ukoo, amezigeuza herufi. Hii ni A, hii ni B, mpaka mwisho. Sasa anamwandikia rafiki yake Kakuta barua darasani na mwalimu hawezi kusoma! Mwalimu Mbuvi aliniuliza zinasema nini. Nikamwambia hii ni ng'ombe wa Ilmolelian, na hii ni wa Ilaiser, zaidi ya hapo muulize mwenyewe. Mtoto gani huyo? Na nikimtuma kuni anauliza kwa nini moshi unamfuata mtu aliyekaa na unaacha aliyesimama. Sipumui.

Pasaka uje. Leta majani chai ya pakiti yenye mstari mmoja, ile ya Rachel ni vumbi.

Mama yako


Kitengela,
14 Aprili 2024

Yeyo mpendwa,

Takwenya. Nimefika salama. Mvua imetukuta Kiserian na huku Kitengela matope yamefika magotini. Nyama uliyonifungia tumekula na Selpha mpaka tukanyamaza.

Nimerudi na furaha kubwa! Mchungaji alipokubali nisimame mbele Jumapili ya Pasaka, nilijua mambo yatafunguka. Uliona watu walivyopiga makofi nilipowaita Seleyian na Kakuta mbele? Niliposema "huyu msichana ana akili kuliko watoto wote niliowahi kufundisha", hata wazee walisimama. Sasa wazazi wameona si jambo la aibu, na naamini karatasi zitarudi zimejaa.

Sikuelewa tu kwa nini uliondoka kabla ya baraka. Mgongo? Ungeniambia nikusindikize.

Niandikie haraka.

Soipan


Kitengela,
2 Juni 2024

Yeyo,

Takwenya.

Sijapata barua yako tangu Pasaka. Mwanzoni nilijiambia ni mvua, barabara zimekatika. Barabara zikafunguliwa. Nelson akaja na mbuzi, nikamuuliza barua iko wapi, akasema "Yeyo yuko sawa," akaanza kupiga magurudumu teke kama mtu anayenunua lori.

Jana nimempigia Mwalimu Mbuvi simu. Ameniambia kwamba Seleyian alishikwa na homa wiki ile ile baada ya kanisa, akalazwa zahanati. Wazazi wengine wakaenda shuleni kusema watoto wao wasiandikwe popote. Mama Kakuta alimhamishia mtoto kwa dada yake kwa muda, asionekane.

Nimekaa na simu mkononi nikalia. Wewe uliniandikia wazi, kwa mkono wako, kwamba mtoto hatembezwi. Nami nikamsimamisha mbele ya kanisa zima na kuwaambia watu wapige makofi. Nilidhani ninajua zaidi. Nisamehe, Yeyo. Sikuombi tena utaje mtu. Nitamwambia Daktari Wakhungu nifanye wa Kitengela peke yao. Niambie tu mtoto anaendeleaje.

Soipan


Oltepesi,
23 Juni 2024

Soipan,

Iko.

Mtoto amepona. Ilikuwa malaria, daktari aliona kwa kipimo. Najua ni malaria. Mimi si mjinga, usiniandikie barua ya kunieleza mbu. Lakini usiku ule nimekaa na yeye anatetemeka, unadhani nilikuwa nasikia nini masikioni? Makofi. Nilimtemea mate ya baraka kichwani mpaka mdomo ukakauka, na kuomba nikaomba.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira akiandika, karatasi haisahau. Sasa zimeisha.

Wacha nikuambie kitu kingine. Ulipokuwa gredi ya nne, hapo mlikuwa mnasema darasa la nne, mwalimu wako alikusifu mbele ya wazazi wote, mimi nimesimama hapo na leso kichwani. Watu wakapiga makofi. Mwaka uliofuata ukachukuliwa bweni mbali. Sikatai, ulisoma. Lakini tangu siku hiyo wewe unakuja nyumbani Pasaka na Krismasi, kama mgeni, na mimi naandika barua. Mtoto akishapigiwa makofi, anaondoka.

Mengine ni ya kawaida. Seleyian amepata nguvu na nguvu zenyewe ni za kunimaliza. Alipokuwa zahanati aliangalia vile nesi anapima homa, sasa anapima mbuzi. Ameweka kidole kwa sikio la kila mmoja, anasema yule mweupe ni mgonjwa. Nikamfukuza. Keshoye yule mweupe hakuamka kula. Sasa anataka mbuzi wote walale mbali na huyo, na nani atajenga zizi lingine? Mimi?

Mama yako


Kitengela,
21 Julai 2024

Yeyo wangu,

Takwenya, takwenya, takwenya!

Selpha alikuja kuomba chumvi akakuta nimezitandaza barua zako mezani. Akasoma, akashika kiuno, akasema, "Maskini mama yako. Huyu mtoto anamsumbua hivi kweli?" Nikaanza kumjibu, kisha nikazirudia barua zote tangu ya kwanza.

Kila nilipokuuliza kuhusu Seleyian kwa jina la kipawa, uliandika "wa kawaida". Kila ulipolalamika, uliniandikia ukurasa mzima: herufi za alama za ng'ombe, moshi, homa ya mbuzi. Yeyo, hakuna mzazi hata mmoja wa Kitengela aliyenieleza mtoto wake vizuri hivyo! Wao waliandika tu "ana akili sana", basi.

Nimemweleza Daktari Wakhungu. Tumetupa swali la zamani. Sasa wazazi wataulizwa hivi: "Mtoto gani anakusumbua, na anakusumbua vipi?" Hakuna kusifu, hakuna makofi. Hakuna mtu atasimamishwa mbele, na majina yote yatabadilishwa nikiandika.

Na nimekusikia lile lingine. Nimelisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha masta hii. Seleyian haji Kitengela. Sitamchukua, wala mwingine hatamchukua kwa sababu yangu. Kazi yangu iwe kumfundisha Mwalimu Mbuvi na wenzake jinsi ya kumfundisha pale pale, alale kwako kila siku.

Agosti nitafunga shule. Nitakuja nikae wiki nne, si siku mbili. Utanisindikiza kwenye mkutano wa wazazi? Bila wewe hawataniangalia hata usoni.

Soipan


Oltepesi,
29 Septemba 2024

Soipan,

Iko. Tangu urudi Kitengela nyumba imekuwa kubwa. Nimeamka asubuhi nikakuwekea kikombe, halafu nikakumbuka. Nikanywa mimi chai mbili.

Watu bado wanaongea juu ya ule mkutano. Wewe ulikuwa unaandika hukuona nyuso. Mara ya kwanza uliposoma swali, kila mtu alitazama viatu vyake, nikasema moyoni, basi imeharibika tena. Ndio nikasimama. Nikasema mimi niko na mtoto ananipeleka kaburini. Nikaanza na alama za ng'ombe. Nilipofika kwa mbuzi mweupe, baba Kakuta akaruka, "Hiyo ni kidogo!" Ala! Mwanaume ambaye hata salamu anaitoa kwa kipimo, aliongea mpaka chai ikapoa. Kakuta amepanga mitungi ya maji hivi, Kakuta anabishana na mtu wa bomba, Kakuta hataki kulala mpaka aambiwe jua limeenda wapi. Mama Purity akasema wa kwake anatunga nyimbo za kuwatukana kuku. Kila mtu alitaka wa kwake awe ndiye mbaya zaidi. Hawakutaka kwenda nyumbani. Nimeishi hapa miaka yangu yote na sijawahi kuona wazazi wamefurahi hivyo.

Mwalimu Mbuvi amempa Seleyian na wale wengine kazi yao. Wanaandika gazeti la shule kwa alama za ng'ombe, na chini wanatafsiri. Mwalimu mwenyewe anasomeshwa herufi na watoto, na ni mzito. Seleyian ananiambia mimi nyanya yake, "Koko, anajaribu." Sasa hataki kukosa shule hata siku ya soko. Nani atachunga watoto wa mbuzi? Ni mimi.

Umenenepa kidogo ulipokuwa hapa. Usipoteze.

Mama yako


Kitengela,
9 Novemba 2025

Yeyo mpendwa,

Takwenya. Nakuandikia hii ingawa nitakuona Krismasi, na ingawa mwaka huu nimekuja kila likizo mpaka Nelson anasema nianze kumlipa nauli kama mbuzi. Jambo la maana linaandikwa.

Nimepita, Yeyo. Utafiti umekubaliwa. Wale maprofesa walioniuliza maswali walikuwa wakali mpaka walipofika sura ya Oltepesi. Mmoja wao, mama mzee mwenye miwani, alisoma malalamiko ya wazazi kwa sauti, wote wakacheka, halafu yeye akavua miwani akaipangusa. Aliniuliza nani alinifundisha kuuliza hivyo. Nikamwambia mama yangu, na hata hakukusudia.

Mwezi ujao natunukiwa shahada. Nelson ataosha lori, au tuseme atakodi gari dogo. Utakuja na Seleyian na Rachel. Selpha ameshaanza kupanga chapati.

Nina ombi moja. Wewe ulijibu swali kuhusu Seleyian, ukiwa nyanya yake. La watoto wako mwenyewe hujajibu. Kwenye sura yote hakuna jibu la mama yangu.

Mtoto gani alikusumbua, Yeyo? Na alikusumbua vipi?

Soipan


Oltepesi,
23 Novemba 2025

Soipan,

Iko.

Mvua imenyesha vizuri na ng'ombe wamerudi. Seleyian amekuwa namba sijui ngapi, sitaki kuandika. Anasumbua tu.

Hilo ni swali la kumuuliza mtu wa umri wangu? Lakini kwa vile umeuliza kwa karatasi, nitajibu kwa karatasi.

Nelson hakunisumbua. Nelson alikuwa mtoto mzuri, kila mtu alimsifu, na umeona vile amekuwa, anaongea na mbuzi.

Ni wewe. Ulichemsha jiwe kutwa nzima uone kama litalainika, ukamaliza kuni zangu. Ulimuuliza mchungaji mama yake Enkai, Mungu mwenyewe, ni nani, wageni wakiwa hapo. Ulikataa kulala mpaka uambiwe ng'ombe anaota nini. Nilikuwa nafika jioni nimechoka kwa maswali kuliko kwa maji niliyobeba.

Halafu ushanga. Huo unaoita ovyo. Mama yangu alinitungia nilipoolewa. Wewe ulikuwa bado na meno ya utoto. Nilirudi kutoka kisimani nikakuta umekata uzi, umezitandaza shanga zote kwa ngozi, rangi na rangi yake, unanitazama tu. Ukasema ulitaka kujua kwa nini nyeupe inakaa kando ya nyekundu. Nilikuchapa, na nililia kuliko wewe. Ukapangusa kamasi, ukachukua uzi, ukazitunga tena zote, mpaka jua likaingia, lakini si vile zilikuwa. Kwa mpango wako. Ukaniletea, ukasema, "Yeyo, hivi ndivyo zinaongea."

Fundi uliyekuwa unamuuliza ni wewe. Wanawake wa kanisa wamenicheka miaka hii yote. Mama yangu mwenyewe alitaka kuutunga upya nikamkatalia. Sijawahi kuufungua.

Nitakuja hiyo siku. Usininunulie mwingine, nitavaa huo. Wakisoma jina lako watu watapiga makofi, na mimi sitapiga. Usininunie. Wewe niangalie shingoni.

Mama yako